Hesabu Makopo Kabla ya Kwenda Dukani

Kabla hujaendelea na makala hii, ingia chumbani uhesabu makopo. Hesabu ya mafuta ya mwili, ya nywele, ya mikono, ya uso mchana na ya uso usiku. Usiyasahau yale yaliyobaki robo, ambayo hayatumiki tena wala hayatupwi kwa kuwa yalinunuliwa ghali. Sikuulizi ili nikuaibishe. Katika nyumba zetu fedha ya mchele na ya nauli hupigiwa kelele kila asubuhi, lakini fedha ya makopo hutoka kimyakimya, pakiti kwa pakiti, wala hakuna anayeuliza imekwenda wapi.

Tumchukulie mtu anayetoa shilingi 3,000 za Tanzania kwa wiki kununulia mafuta hayo. Hakuna atakayemwita mbadhirifu. Mwaka una wiki 52, na jumla yake ni shilingi 156,000. Kama mabinti zake wawili wanafuata nyayo zake, nyumba hiyo imetumia shilingi 468,000 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka wanaanza upya na makopo matupu. Tena anayenunua kwa pakiti ndogo hulipa zaidi kwa kipimo kilekile kuliko anayenunua kopo kubwa, na aghalabu mnunuzi wa pakiti ndiye mwenye kipato kidogo.

Ndani ya makopo hayo mna nini? Soma kibandiko: kiungo kilichotangulia ndicho kilicho kingi. Mara nyingi ni maji, au ni mafuta ya mgando yatokanayo na mafuta ghafi ya petroli, kisha hufuata manukato na rangi. Mafuta ya mgando si mabaya, ngozi kavu huyapenda. Ninachouliza ni kwa nini tununue kwa bei ya juu kitu ambacho mwenzake yuko jikoni, na aliyekuwa akijua kukitengeneza amekaa barazani hana anayemuuliza.

Tuanze na nazi. Chagua zilizokomaa, zile ambazo ukizitikisa husikia maji yakicheza ndani. Zikune kwa mbuzi, kamua tui zito bila kulizidishia maji, lichuje kwa kifumbu au kitambaa safi, liache usiku kucha. Asubuhi utakuta sehemu nzito imepanda juu na maji yamebaki chini. Engua ile ya juu, uiteleke kwa moto mdogo. Mwanzo itachemka kwa povu jeupe na kelele nyingi, na kelele hizo ni maji yanayotoka. Kisha povu litapungua, mafuta yataanza kuonekana katikati ya sufuria, na mashapo yatageuka rangi ya kahawia. Hapo usiondoke jikoni hata kwa salamu ya jirani, kwa sababu kati ya mafuta mazuri na mafuta yanayonuka moshi pana dakika chache tu. Kelele zikikoma, ipua, acha yapoe, chuja, tia katika chupa kavu. Nasisitiza ukavu huo, maana maji yakibaki humo mafuta huchacha upesi. Nawe uliyeko Lushoto au Iringa msimu wa baridi, ukikuta yameganda usiyamwage ukidhani yameharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ukiishika chupa kwa mikono yenye joto yatarudi.

Machicha nayo yasimwagwe. Yangali na mafuta kidogo, na ukwaru wake unatosha kusugulia viwiko na visigino wakati wa kuoga. Yanayosalia ni haki ya kuku. Mafuta yenyewe ni ya mwili na nywele. Mwenye chunusi asiyapake usoni, maana huziba vinyweleo na kumzidishia taabu.

Yuko atakayesema: huyu mwandishi anaongea kama mtu wa Tanga au Pemba, sisi huku bara nazi tunainunua kwa bei ya kuku. Ni kweli, na kama nazi inakushinda bei, kutengeneza mafuta yake si uwekevu tena, ni mchezo wa gharama. Tumia cha kwenu. Singida na Dodoma wana alizeti, Kigoma wana mise, yale mafuta ya kokwa za mchikichi, kaskazini mwa Uganda wana shea, na wafugaji tangu hapo walijipaka samli. Anayesafirisha nazi kutoka pwani ili ajisifu kwamba anatumia vitu vya asili amerudi dukani kwa mlango wa nyuma.

Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono mtindo wa kupaka mayai na asali usoni katika nyumba ambayo watoto hawajala mayai wiki nzima. Yai lina kazi yake mezani. Parachichi lililoiva likapondeka, ambalo hakuna atakayelila, hilo litie kichwani, funga kitambaa nusu saa, osha. Kipaumbele kiwe kwa kile ambacho kingetupwa. Dodoki linalokauka uani linashinda sifongo ya dukani, na msimu ujao mbegu zake zitaota tena bila kuombwa.

Nanyi akina baba msijifiche nyuma ya wake zenu. Pafyumu za kwapa mnazinunua, na dawa za baada ya kunyoa ndevu mnazinunua. Waulizeni vinyozi wa zamani habari ya shabu. Kipande kidogo cha shabu, kile kijiwe cheupe kinachopenyeza mwanga, kikilowekwa na kupitishwa kidevuni hukaza ngozi na kusimamisha damu ya mkwaruzo. Kikipitishwa kwapani baada ya kuoga hupunguza vijidudu vinavyoleta harufu. Hukaa miezi na miezi, ilimradi ukikaushe baada ya kukitumia.

Pwani tuna elimu kubwa kuliko hiyo, na inasikitisha kuona inabaki kwa maharusi peke yao. Singo ya Unguja na Pemba ni kazi ya kiwandani iliyofanywa kwa kinu: mrehani, asumini, waridi, langilangi, karafuu, liwa, vyote hutwangwa na kuchanganywa na marashi, kisha somo, yaani kungwi wake, humsugua bibi arusi mpaka ngozi ilainike na mwili unukie siku kadhaa. Liwa si rahisi kwa bei, lakini hutumika kwa kiasi kidogo mno. Unasugua kijiti juu ya jiwe lenye maji mpaka upate uji wa kijiko kimoja, nao unatosha uso mzima. Sisemi kila mtu atwange singo kila Ijumaa. Nasema binti anayejua majina ya krimu kumi za dukani hapaswi kushindwa kutaja viungo vitano vya singo ya bibi yake.

Hapa sina budi kuwageukia hata wale wanaokubaliana nami, kwa kuwa wapo wanaodhani kila kitokacho shambani au jikoni hakidhuru. Ndimu usoni, kisha kutoka juani, huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayodumu wiki nyingi. Magadi ya kupikia ni makali kuliko ngozi inavyostahimili, na anayejisugua nayo usoni kila siku huondoa kinga yake mwenyewe. Mafuta ya mbarika ni mazuri kwa nywele, lakini mbegu zake mbichi ni sumu ya kuua, zisiachwe mtoto azichezee. Shubiri ina utomvu wa njano chini ya ganda unaowasha. Kata jani, lisimamishe utomvu uchuruzike wote, ndipo uchukue ule ute mweupe wa ndani.

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, ni jambo zito zaidi. Hina ya kweli hutoa rangi nyekundu iendayo kwenye kahawia, wala haina weusi wa usiku mmoja. Ule weusi ni wa dawa ya kupaka nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na kuna mabibi arusi waliokwenda harusini mikono imevimba malengelenge badala ya maua. Wanja nao, hasa ule wa mawe ya kusaga uletwao kutoka ng'ambo, mara nyingine huwa na madini ya risasi. Mtu mzima na ajiamulie, lakini mtoto mchanga asipakwe.

Tena mchanganyiko wowote wenye maji, tui, matunda au ute wa shubiri hauna kihifadhi kama cha kiwandani. Utengeneze wa leo, utumike leo. Ukiubakisha wiki mbili dirishani ukaanza kuota ukungu, usiuchuje ukaendelea kuutumia kwa kuogopa hasara. Mafuta matupu yasiyo na maji ndiyo yanayokaa.

Nimeongea sana kuhusu ngozi, lakini nyumba nzima ina mafunzo yake. Itazame doti moja ya kanga. Ikiwa mpya ni ya harusini na msibani. Ikififia kidogo ni ya nyumbani na ya sokoni. Baadaye huwa mbeleko, kisha hukatwa nepi, kisha tambara la kushikia sufuria, na mwisho dekio. Mama zetu hawakuhudhuria semina yoyote ili wajue hayo. Debe vilevile lilikuja pwani likiwa na mafuta ya taa ndani. Mafuta yakaisha, lakini debe likabaki: likawa la kuchotea maji, likawa kipimo cha mahindi sokoni, likanyooshwa likawa bati la kuezekea, likakatwa likawa koroboi. Kenya wana gorogoro, kopo la mafuta ya kupikia lililopanda cheo likawa kipimo cha nafaka. Na Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wengi walilalamika kwamba hawatakuwa na cha kubebea. Kumbe vikapu vya ukili vilikuwa vimetundikwa misumarini.

Basi tuwe na macho hayohayo kwa vitu vya leo. Vipande vya sabuni vinavyoteleza bafuni mpaka vikaingia mtaroni, vikusanye katika kopo. Vikifika konzi mbili, viparuze, vitie maji kidogo, viyeyushe kwa moto wa chini, umimine katika boksi la maziwa lililooshwa. Vikikauka una kipande kipya cha kufulia. Kopo la losheni lililoisha, usilitupe hivihivi. Likate kwa mkasi utazame kilichoganda pembeni, utashangaa ni siku ngapi umekuwa ukizizika jalalani. Chupa za kioo za jemu zioshwe kwa maji ya moto, zikaushwe juani, zipokee yale mafuta ya nazi tuliyoyapika.

Kuna mpaka ambao haufai kuvukwa. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu wa mimea, dawa ya kuogeshea ng'ombe, betri, rangi au oili ya gari hakigeuki kuwa cha maji, cha mafuta wala cha sabuni ya kuogea, hata kioshwe mara mia. Kitoboe ili asije mwingine akakiokota. Na kutengeneza sabuni kwa kostiki soda si kazi ya kujaribia jikoni watoto wakizunguka miguuni. Wapo akina mama wa vikundi walioisomea. Jifunze kwao, au nunua kwao.

Kinachonisukuma kuandika haya kwa ukali ni mkorogo. Yule asemaye hana muda wa kukuna nazi anao muda wa kuchanganya krimu tatu za kujichubua, na kisha muda wa kujificha jua. Ndani ya baadhi ya krimu hizo mna zebaki, ambayo hupenya ngozini ikadhuru figo, na mama anayeipaka humgusisha mtoto wake kwa mikono, kwa shuka na kwa taulo. Nyingine zina haidrokwinoni, nyingine zina steroidi kali ambazo daktari huziandika kwa siku chache na kwa kipande kidogo cha ngozi, si kwa mwili mzima mwaka mzima. Dunia imekwisha kulikemea hili. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Mkataba ukasainiwa, lakini vikopo vingali vinauzwa vibandani. Rahisi huvunja upishi, na hapa upishi unaovunjika ni ngozi ya mtu.

Hata hivyo siwaambii wasomaji waachane na maduka. Watu wenye ualbino hawakingwi na jua kwa mafuta ya nazi, wala kwa liwa, wala kwa ushauri wa jirani. Wanahitaji losheni ya kukinga jua iliyotengenezwa kwa vipimo, kama ile iitwayo Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao. Kidonda kisichopona, upele unaoenea na doa linalobadilika umbo ni vya zahanati. Dawa ya meno yenye floridi nunua. Na ukinunua krimu yoyote, geuza kopo usome maandishi yale madogo ya Kiingereza kabla hujatoa fedha. Ukiona mercury, calomel au hydroquinone, au ukiona hakuna kiungo hata kimoja kilichoandikwa, mrudishie mwenye duka. Tanzania Bara, tangu mwaka 2019, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na malalamiko yana pa kupelekwa. Lakini kwanza mwambie mwenye duka mwenyewe sababu ya kukirudisha, kwa sauti ya kawaida, wateja wenzako wakisikia.