Panya Haishi, Sangala Je?

Kila inapozungumzwa habari ya kulipumzisha Ziwa Tanganyika kwa kufunga uvuvi, hapa Minago, Burundi, husikika hoja ileile: panya wa michikichini anategwa na kuwekewa sumu kila siku, mbona haishi? Basi samaki naye hawezi kuisha, wala yule samaki mkubwa wa baharini aitwaye taa, anayeliliwa na wataalamu.

Panya haishi kwa sababu ya uzazi wake. Panya shamba hubeba mimba siku 23 hivi. Mfukue jike chini ya mchikichi, umgeuze chali: utahesabu chuchu zinazofika hata 24. Huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, na miezi mitatu baadaye hao nao huanza kuzaa. Taa mkubwa wa Bahari ya Hindi, Mobula birostris, hubeba mimba karibu mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Jike mmoja akinaswa kwenye jarife, pengo lake halizibiki upesi.

Wengine husema taa mwenye upana wa hata mita saba hawezi kumalizwa. Anamalizika. Mwaka 2020 shirika la IUCN lilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Matamvua yake hukaushwa na kuuzwa Asia kama dawa, na ukubwa wake haumkingi na nyavu.

“Hayo ni ya baharini, ziwa letu halina taa.” Kweli, halina. Lakini tuna sangala. Ndagala anayeanikwa kwenye vichanja vya waya hukua upesi, huzaa upesi na maisha yake ni mafupi. Huyo angalau ana mwendo wa panya. Sangala huhitaji miaka kadhaa ndipo atage. Ni haki kusema kwamba hutaga mayai mengi, tofauti na taa. Ila watoto wake hujificha kwenye majani ya majini karibu na ufukwe, na humo ndimo kokoro linamopita, likiwazoa kabla hawajataga hata mara moja.

Wengine husema kufunga uvuvi huleta njaa; hoja hiyo naikubali. Tanzania ilipofunga uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mvuvi asiye na shamba alibanwa kweli, na mtu huyo anastahili msaada. Lakini kokoro halihitaji kusubiri miezi ya kufunga. Liondolewe majanini sasa, mwaka mzima, na ndagala waendelee kuvuliwa kwa taa za usiku huko kilindini.