Kilango Kilicho Chini ya Maji

Wakulima wamwagiliao mboga zao kwa mashine ya petroli hupenda kuulizana habari za injini. Ina nguvu za farasi ngapi? Yala mafuta kiasi gani? Maswali hayo ni mema, lakini kwa maoni yetu liko jingine lipasalo kutangulia, nalo ni nadra kusikika dukani: je, vali ya chini ni nzima?

Vali hii ni kilango kikaacho kwenye ncha ya mpira wa kuvutia, ndani ya kisima au mto. Maji yakipanda, kifuniko chake huinuka, yakapita. Mashine ikisimama, maji yaliyomo mpirani hutaka kurudi, na uzito wake hukikandamiza kifuniko kile juu ya kiti chake, kikafunga. Hapana mkono wala kamba ikivutayo.

Watu wengi hudhani mashine hunyonya maji kama mtoto anyonyavyo. Sivyo hasa. Gurudumu lenye mapezi lililo ndani yake huyatupa maji nje kwa kasi na kuacha upungufu nyuma. Ndipo uzito wa hewa iliyo nje unapoyasukuma maji ya kisimani yapande kuujaza. Gurudumu likizunguka katika hewa tupu halivuti kitu. Kwa hiyo mpira na tumbo la mashine hujazwa maji kwanza, na vali ndiyo iyazuiayo yasishuke. Ikivuja, injini hunguruma, petroli huteketea, na bustani hubaki kavu. Tena sili ya ekseli, ambayo hupozwa na maji yale yale, huungua.

Kwa kuwa hewa ndiyo isukumayo, injini kubwa haiongezi hata shibiri moja ya kina. Pwani hewa huweza kuinua maji mita 10 na kidogo tu, na katika kazi halisi usitumaini zaidi ya mita 7. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na kikomo hicho hupungua kwa karibu mita 2. Mwenye kuuza ng'ombe ili anunue injini yenye nguvu zaidi, hali kisima chake kina kina cha mita 12, ametupa ng'ombe wake.

Kutoyajua haya huua watu. Mtu aonapo maji hayapandi, huiteremsha mashine kisimani ili iyakaribie. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hujaa shimoni, mtu akazirai kabla hajatambua; na ashukaye kumwokoa huanguka juu yake. Usiiteremshe injini kisimani kamwe, hata kwa dakika chache. Maji yaliyo mbali yahitaji bomba la mkono ambalo silinda yake hukaa chini karibu na maji, au pampu ya umeme ya kuzamishwa.

Kuipima vali si kazi ya fundi. Jaza mpira maji, uusimamishe wima, vali ikiwa chini, ungoje robo saa. Maji yakishuka, fungua uangalie. Aghalabu utakuta chembe ya mchanga au jani juu ya kiti, suuza, urudishe. Ikiwa mpira wa kifuniko umeliwa, kata mwingine katika tyubu kuukuu ya gari. Maji yasiposhuka na mashine bado haivuti, tafuta hewa iingiayo kwenye maungio. Chujio nalo lisilale matopeni. Litundikwe juu ya sakafu ya kisima, lakini libaki ndani kabisa ya maji.

Wako wasemao kwamba vali huyapunguza maji kasi, na mtu aweza kuiacha akajaza mpira kila asubuhi. Ni kweli kwamba huyapunguza kidogo. Kwa mwenye bustani ndogo kandokando ya mto, tena mwenye vijana wa kubeba ndoo, hatuna ubishi naye. Lakini mashine ya watu kumi wapokezanao zamu huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, na kila mara maji yakiwa yameshuka zamu ya mtu hupotea, ugomvi ukaanza. Hao wasikubali kulipa fedha dukani kabla muuzaji hajaujaza mpira maji mbele ya macho yao.