Mwacheni Alale Hata Kama Hajacheua

Mzazi wa Dimani, kule Kibiti, hamalizi arobaini bila kukabidhiwa amri ya usiku: mtoto akishanyonya, iwe saa saba au saa kumi, mweke begani mpaka acheue, na asipocheua usithubutu kumlaza. Wanaoitoa ni watu wanaompenda, na kwa kiasi fulani wana haki. Lakini amri hiyo hiyo ndiyo inayomkalisha mama kitako gizani, macho mazito, anampigapiga mgongo mtoto aliyekwisha kulala zamani. Hoja zinazoibeba zinasemwa kwa uhakika ambao nyingi hazistahili.

“Ukimlaza hajacheua, maziwa yatampalia usingizini.” Hii ndiyo inayotisha kuliko zote, na wala haikuanzia kwa mabibi wa Rufiji. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilinunuliwa kwa mamilioni, aligeukia ushauri wa kuwalaza watoto kifudifudi katika miaka ya 1950, kwa hofu hiyo hiyo: akitapika amelala chali atapaliwa. Wazazi wa Marekani na Ulaya wakamsikiliza yeye na madaktari wengine waliosema kama yeye. Watoto waliolala wazima wakawa wanakutwa wamekufa asubuhi. Watafiti waliopitia ushahidi wa jinsi watoto wanavyolazwa mwaka 2005 walikadiria kwamba kama yale yaliyokwisha kujulikana kufikia 1970 yangezingatiwa, vifo zaidi ya 10,000 vingeepukika Uingereza peke yake. Nchi hiyo ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwishoni mwa 1991, na vifo vya namna hiyo vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Wimbi la watoto kupaliwa, ambalo wengi walilihofia, halikutokea.

Sababu iko kooni. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula chini yake, kwa hiyo maziwa yakirudi ni lazima yapande ndipo yaifikie njia ya hewa. Akilala kifudifudi, mpangilio unapinduka. Tena mtoto mwenye afya hana udhaifu tunaomdhania: maziwa yakimrudia humeza, hukohoa au hugeuza kichwa. Kwa hiyo mlaze chali, pasipo mto wala furushi la nguo kando ya kichwa, na kanga isimfunike uso. Mama akikumbuka hayo tu na akasahau kabisa habari ya kucheulisha, kwangu amefaulu.

“Gesi isipotoka, usiku atashikwa na chango.” Hapa pana ukweli kidogo: mtoto humeza hewa anaponyonya, hasa wa chupa, au yule ambaye kinywa chake hakikulishika titi vizuri akawa anatoa mlio. Hewa ikimbana atajinyonganyonga, na kumwinua kutamsaidia. Lakini kwamba kucheulisha kunazuia chango, hilo lilipimwa Chandigarh, India, na matokeo yakachapishwa 2015. Akina mama 71 na watoto wao waligawanywa mafungu mawili, moja likafundishwa kucheulisha na jingine halikufundishwa, wakafuatiliwa kwa miezi mitatu. Kilio cha chango hakikupungua kwa waliocheulishwa. Kilichozidi kwao ni kucheua maziwa. Ni utafiti mdogo, sitaki kuubebesha mzigo usio wake, ila wanaoshikilia amri ile hawana hata mdogo wa kuuweka mezani.

Chango kina ratiba yake. Kilio huongezeka wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupoa mtoto anapokaribia miezi mitatu au minne, umempa kitu au hujampa. Ndiyo maana dawa yoyote inayoanza kutumika mwezi wa pili hupata sifa: ilimkuta mtoto yuko njiani kupona. Maji ya gripu yamejijengea jina kwa njia hiyo tangu William Woodward alipoanza kuyauza Nottingham mwaka 1851, na kwa zaidi ya miaka mia moja chupa yake ilikuwa na pombe ndani. Mizizi ya kuchemsha ni yale yale, pamoja na hatari ya maji yenyewe. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Takwimu za taifa za 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa umri huo nchini Tanzania ndio wanaopata hivyo. Waliobaki wanapewa maji, uji, na hizo dawa za chango.

“Basi mwamshe acheue.” Ya nini? Mtoto aliyeachia titi mwenyewe, mikono imelegea, anapumua taratibu, amekwisha kujibu. Akiwa anahangaika, kaa ndani ya neti hapo hapo kitandani, usitoke kuwakaribisha mbu. Tandika kanga begani, mpandishe mpaka kidevu chake kikae juu ya bega, kiganja kimoja kimshike shingo na kingine kipande polepole kutoka kiunoni. Hakuna haja ya kumpiga makofi. Dakika chache zikipita kimya, mlaze chali, yamekwisha. Mama anayesinzia ameketi na mtoto mkononi ni hatari kubwa kuliko hewa iliyobaki tumboni.

Kuhusu maziwa kuingia masikioni ukinyonyesha umelala, sitakaa sana. Watoto wanaonyonya titi huugua masikio kwa uchache kuliko wa chupa. Lala ubavu, mnyonyeshe.

Iko nyingine inayosemwa kwa kunong’ona: “Anacheua kila saa, huyo amebemendwa.” Wazazi hutazamwa kwa jicho baya, baba akashukiwa alikokwenda, mama akaambiwa maziwa yake yameharibika. Watoto wengi wachanga hucheua kwa sababu mlango wa juu wa tumbo lao haujakaza bado. Chukueni kadi ya kliniki. Kama uzito unapanda na mtoto ni mchangamfu, maziwa ni mazuri na ndoa za watu ziachwe.

Lakini matapishi ya kijani au yenye damu, au yanayoruka kwa nguvu kila anyonyapo, hayo si ya kungoja. Vilevile mtoto mchanga mwenye homa, anayekataa titi, aliyetepeta au aliyeshikwa na degedege: huyo apelekwe zahanati usiku huo huo, asipigwe mgongo.

Na mama mkwe ambaye bado roho yake haijatulia mpaka asikie mtoto amecheua, basi saa kumi ampokee yeye, amweke begani mwake, mzazi apate kulala.