Mtu wa Kompyuta Si Fundi wa Printa

Kuna imani iliyoota mizizi katika ofisi nyingi za mawakili, na hata kwetu Tseikuru, nchini Kenya: kwamba haki hutafutwa na wakili, naye mtu wa kompyuta kazi yake ni kubadili wino wa printa na kurudisha nywila zilizosahauliwa. Mimi huandika na kutunza programu za ofisi za namna hiyo, na naipinga imani hii kwa moyo wote. Inawaumiza wateja, na wa mbali ndio huumia zaidi.

Chukua mkazi wa Tseikuru aliyegongwa na gari akielekea Kyuso. Sheria inampa miaka 3 kudai fidia. Katika ofisi yenye mamia ya majalada, siku hizi anayemwonya wakili kwamba muda unayoyoma ni kalenda iliyomo ndani ya programu. Kalenda hiyo imeandikwa na mtu, na mtu huyo asipoijua sheria ataikosea.

Kanuni za Mwenendo wa Madai zinasema siku za kuanzia Desemba 21 hadi Januari 13 hazihesabiwi katika kuwasilisha hati za madai. Mdaiwa aliyejiandikisha kortini Desemba 15 ana siku 14 za kuleta utetezi. Programu isiyoijua kanuni hiyo itasema muda wake umeisha Desemba 29, kumbe ni Januari 22. Wakili wa mdai ataomba hukumu mapema, aipate, kisha ibatilishwe. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi: mwandishi wa programu kudhani kwamba siku hizo zinarefusha pia ile miaka 3 ya mwenye ajali. Hazirefushi. Atakayekwenda kumweleza majeruhi kwamba kesi yake imekufa ni wakili, lakini kosa lilizaliwa mezani kwa yule anayeitwa fundi wa printa.

Tangu Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome alipozindua uwasilishaji wa kesi kwa mtandao nchini kote, hati za korti za Kyuso na Mwingi nazo hupita njia hiyo. Ada hulipwa kupitia eCitizen, mfumo ambao Julai 2023 ulishambuliwa na wadukuzi ukayumba kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo ikiangukia siku ya mwisho ya kukata rufaa, ofisi isiyokuwa na mtu aliyejiandaa mapema itamwambia nini mteja wake?

Fedha nazo. Wakili hukatazwa kuchanganya pesa za mteja na za ofisi. Lazima zikae katika akaunti ya wateja. Fidia ya mjane inapoingia, programu ya uhasibu ndiyo inayoitenga au kuichanganya.

Cha kushangaza ni kwamba sheria yenyewe haimdharau mtu huyu. Sheria ya Ushahidi inayomfunga wakili kutunza siri za mteja huwafunga pia makarani na watumishi wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 taarifa za watu zikivuja. Nani atakayegundua kwamba zimevuja? Si wakili aliye kortini akijibu hoja.

Najua wapo wasemao programu hununuliwa tu, zimeshakamilika. Iliyotengenezwa London haikuandikwa kwa ajili ya Desemba 21 ya kanuni zetu. Lazima mtu akae aifundishe.

Wenye ofisi za mawakili, muiteni mtu huyo kwenye kikao kabla hamjanunua programu, si baada ya kuharibika. Mpeni nakala ya kanuni, mketishe na karani wa korti, aulize maswali mpaka aelewe. Na wewe mteja wa Tseikuru, siku ukimpa wakili jalada lako, muulize tarehe zako zinatunzwa na nani.