Wingi wa wafuasi mitandaoni si wingi wa wateja

HUKU simu zenye intaneti zikizidi kuenea hadi vijijini, wafanyabiashara wadogo katika eneobunge la Uriri, Kaunti ya Migori, wanakabiliwa na shinikizo ambalo wazazi wao hawakulijua: kuonyesha kwamba wana wafuasi wengi kwenye mitandao ya kijamii.

Zamani mwenye duka kando ya barabara kuu inayotoka Rongo kuelekea Migori na Isebania alitambuliwa kwa kibao kilichoandikwa kwa rangi, kwa uungwana wake na kwa daftari la wadeni. Leo fundi wa nguo, mwenye saluni na muuza simu huulizwa iwapo wana ukurasa wa Facebook au TikTok, na kisha huulizwa una wafuasi wangapi. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: je, mfuasi mmoja ana thamani ya shilingi ngapi?

Liko jaribio moja mashuhuri la kulijibu swali hilo mbele ya mahakama. Mnamo 2011, kampuni ya PhoneDog ya Marekani, iliyokuwa ikichapisha habari za simu za mkononi, ilimshtaki aliyekuwa mwandishi wake, Noah Kravitz. Alipoondoka kazini mwaka uliotangulia, Kravitz alibadilisha jina la akaunti yake ya Twitter na kubaki nayo pamoja na wafuasi wapatao 17,000. Kampuni ilidai kwamba kila mfuasi alikuwa na thamani ya dola 2.50 kwa mwezi. Kwa miezi minane, dai likafika dola 340,000.

Kesi hiyo ilimalizwa kwa mapatano mwishoni mwa 2012, naye Kravitz akabaki na akaunti. Hivyo basi, bei ya dola 2.50 ilibaki kuwa dai tu. Hakuna mahakama iliyoithibitisha.

Hesabu hiyo ikihamishiwa Uriri, udhaifu wake unakuwa bayana zaidi. Eneobunge hilo lina wadi tano, zote za Kanyamkago: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi na Kati. Kaunti nzima ya Migori ilikuwa na watu 1,116,436 katika sensa ya 2019, watoto wakiwemo. Mteja wa saluni au wa duka la vifaa vya ujenzi hufika kwa miguu, kwa bodaboda au kwa matatu. Mfuasi aliye Mombasa au Manila anaweza kuipenda picha ya mtindo wa nywele, lakini hawezi kuketi kwenye kiti cha saluni hiyo. Kwa biashara ya aina hiyo, wafuasi 300 wanaoishi karibu wana faida kuliko 30,000 waliotapakaa duniani.

Aidha, si kila mfuasi ni binadamu. Januari 2018, gazeti la The New York Times lilifichua jinsi kampuni ya Devumi ilivyokuwa ikiuza wafuasi bandia kwa watu mashuhuri na wafanyabiashara. Mnamo Oktoba 2019, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilisema kwamba Devumi ilikuwa imetimiza zaidi ya maagizo 58,000 ya wafuasi bandia wa Twitter. Mmiliki wake alikubali hukumu ya dola milioni 2.5, ingawa sehemu kubwa iliahirishwa kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuilipa. Agosti 2024, tume hiyo ilitangaza kanuni inayopiga marufuku kuuza na kununua wafuasi bandia kwa manufaa ya kibiashara.

Kenya nayo haijaepuka biashara ya umaarufu wa kukodi. Ripoti iliyotolewa na wakfu wa Mozilla mnamo Septemba 2021 ilieleza jinsi washawishi wa Twitter nchini walivyolipwa kati ya dola 10 na 15 ili kuvumisha kampeni za kisiasa, hasa wakati wa mjadala wa Mpango wa Maridhiano, BBI. Iwapo mada ya kitaifa inaweza kuvumishwa kwa malipo hayo madogo, basi uvumi wa duka la viatu hauna budi kutazamwa kwa tahadhari.

Mfanyabiashara mdogo anayenunua wafuasi hujidhuru mara mbili. Kwanza, hupoteza pesa ambazo zingeongeza bidhaa dukani. Pili, huharibu kipimo chake mwenyewe. Akaunti bandia hazinunui wala haziulizi bei. Ukurasa wenye wafuasi 20,000 ambao kila tangazo lake linapendwa na watu sita humtia mgeni shaka badala ya imani. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza kuwadanganya wateja kuhusu bidhaa na huduma, na ukarimu wa takwimu za uongo hauko mbali na mpaka huo.

Hata wafuasi halisi hawana hakika ya kuliona tangazo. Januari 2018, mkuu wa Facebook, Mark Zuckerberg, alitangaza kwamba mtandao huo ungetanguliza habari za jamaa na marafiki na kupunguza zile za kampuni na vyombo vya habari. Tangu hapo, mwenye ukurasa wa biashara mara nyingi hulazimika kulipia tangazo ili liwafikie watu wale wale waliojiandikisha kumfuata.

Ni kama mwenye kibanda cha kupanga: akiamka asubuhi, mwenye ardhi anaweza kuwa amebadilisha masharti. Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita kote duniani. Mei 2025, watumiaji wa mtandao wa X nchini Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Isebania na Sirari, walianza kushindwa kuufikia. Aliyekuwa amehifadhi nambari za simu za wateja wake aliendelea kuuza. Aliyekuwa na wafuasi pekee alibaki akisubiri.

Hata hivyo, itakuwa kosa kusema kwamba idadi ya wafuasi haina maana yoyote. Anayeuza bidhaa inayoweza kutumwa kwa basi hadi Nairobi au Kisumu humhitaji mnunuzi asiyemjua, na mnunuzi huyo hutafuta dalili kwamba duka lipo kweli. Ukurasa wa miaka mingi, wenye maswali na majibu ya wateja halisi, ni dalili mojawapo. Vilevile, mitandao kadhaa huweka kiwango cha chini cha wafuasi kabla ya kumruhusu mtu kupata malipo kutokana na video zake.

Lakini hapo pia, idadi ni mlango tu. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya Wakenya wanaolipwa kwa maudhui ya mitandaoni, baada ya pendekezo la awali la asilimia 15 kupunguzwa. Serikali yenyewe, kwa hamu yake yote ya kodi, haikutoza wafuasi. Ilitoza mapato.

Tofauti ya mambo hayo mawili ilidhihirika mwaka 2019, wakati kijana mmoja maarufu wa Instagram nchini Marekani, mwenye wafuasi zaidi ya milioni 2, alipotangaza kwamba alishindwa kuuza fulana 36, kiwango cha chini ambacho mtengenezaji alihitaji.

Kwa mfanyabiashara wa Uriri, kipimo bora hakihitaji utaalamu. Yatosha kumuuliza kila mteja mpya alivyolijua duka, na kuandika jibu katika daftari kwa mwezi mmoja. Tuseme ametumia Sh2,000 kwa matangazo ya mtandaoni, na daftari laonyesha wateja wanne waliotokea huko, kila mmoja akiacha faida ya Sh150. Faida ni Sh600, na hasara ni Sh1,400, hata kama ukurasa ulipata wafuasi 500 wapya mwezi huo. Lakini iwapo wateja hao wanne watarudi kila mwezi, baada ya miezi minne hesabu itakuwa imegeuka kuwa faida. Kinachostahili kuhesabiwa ni mteja anayerudi.

Lipo jambo jingine ambalo hakuna mtandao unaoweza kulibadilisha. Uriri ni nchi ya miwa, jirani wa kiwanda cha sukari cha Sony kilichoko Awendo. Malipo ya wakulima yanapochelewa, mifuko hukauka kutoka sokoni hadi stendi ya bodaboda, na wafuasi elfu kumi hawawezi kununua kwa pesa ambazo hazijalipwa. Ndiyo maana uaminifu wa muuzaji anayevumilia deni la mteja wake hadi miwa ilipwe ungali na thamani kubwa kuliko tarakimu za kwenye simu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mitandao imewapa wafanyabiashara njia mpya ya kukitembeza chema pia, na si haki kuwanyima. Ila mwisho wa siku droo ndiyo hufunguliwa na kuhesabiwa, wala haijapata kuwa na nafasi ya kutia wafuasi.