Bakshishi si Mshahara

Shukrani ni sehemu ya utu, na utu ndio msingi wa utamaduni wa taifa letu. Mtoto wa Kitanzania hufundishwa mapema kupokea kwa mikono miwili, kuinama kidogo mbele ya mkubwa wake, na kutamka asante kabla ya kuondoka. Hilo halina mjadala. Lakini siku hizi yamezuka madai, hasa miongoni mwa waliosafiri ng'ambo na wale wanaotamani kusafiri, kwamba shukrani ya kweli ni ile inayopimwa kwa noti iliyoachwa juu ya meza ya hoteli. Ati asiyeiacha noti hiyo ni mshamba ambaye ustaarabu haujamfikia. Madai hayo hatuyakubali. Wala hatuwakubali wale wa upande wa pili, wanaosema kwamba bakshishi ni upuuzi wa Wazungu na kwamba mwenye akili hula, hulipa, huenda zake. Makundi yote mawili yamekosea jambo moja: hayakutenganisha shukrani na ujira.

Na tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ni ghala la desturi za watu. Neno bakshishi lina asili ya Kiajemi, nalo maana yake ni kitu kitolewacho kwa hiari. Lakini Kiswahili hakikungoja neno hilo ndipo kijue kushukuru kwa mali. Tunalo neno tuzo, na wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Tunalo neno kilemba, yaani kile ambacho mwanafunzi humpa fundi wake baada ya kuhitimu kazi. Tunalo pia neno kiinua mgongo, ambalo ndani yake mna picha nzima ya mtu aliyeinama kazini kwa miaka mingi, na sasa anasaidiwa kusimama wima. Tazama yanayofanana katika mambo hayo matatu. Kwanza, yote huja baada ya kazi, hayaitangulii. Pili, hutolewa waziwazi, si kwa kufichwa kiganjani. Tatu, hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya riziki ya kila siku ya anayepewa. Hicho ndicho kipimo chetu, na kwa kipimo hicho tutayapima ya kwetu na ya wageni.

Hapa Namasakata, mkoani Ruvuma, mtu anayenunua mchele sokoni humwona muuzaji akijaza kopo hadi juu, kisha akiongeza konzi moja. Hiyo ndiyo nyongeza. Basi zingatia ajabu yake: katika desturi hii anayetoa bakshishi ni muuzaji, na anayepewa ni mnunuzi! Muuzaji anasema kwa mkono wake: nimekushukuru kwa kunichagua mimi, rudi tena. Na kwa mama lishe mambo ni hayo hayo. Msafiri hukaribishwa, hupewa maji ya kunawa, huambiwa pole na safari. Akisha kula husema, "Asante kwa chakula, mama," naye hujibiwa, "Asante kushukuru." Hapo kila mmoja amemtambua mwenziwe kuwa ni mtu. Lakini yule anayeingia bila salamu, akaita kwa kupiga meza, akala huku amekunja uso, kisha akatupa noti na kusema chenji ibaki, huyo hakushukuru. Amenunua ruhusa ya kuwa na kiburi, na bei aliyolipa ni ndogo mno.

Sasa twende ng'ambo, tukaone kama huo unaoitwa ustaarabu wa bakshishi ni mmoja.

Katika Marekani, anayehudumiwa mezani hutazamiwa kuongeza asilimia 15 hadi 20 ya bei ya chakula. Kijana wetu anayefika huko kwa masomo huona hesabu hiyo, akadhani Wamarekani wamezidi kwa ukarimu. La! Sheria ya shirikisho lao inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiasi hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1991. Zinazobaki hadi kufikia kima cha chini cha kawaida, ambacho ni dola 7.25, hutazamiwa zitoke mfukoni mwa mlaji. Zisipotosha, ndipo mwajiri atakiwa kufidia. Yako majimbo, kama California, yaliyoukataa utaratibu huo na kuamuru mshahara kamili. Lakini katika majimbo mengi mlaji ndiye anayemlipa mtumishi wa mtu mwingine.

Na chimbuko la mambo hayo si zuri. Desturi ya bakshishi ilitoka kwa mabwana wa Ulaya na watumishi wao, ikashika mizizi Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, wakati watumwa walioachwa huru walipokuwa wakitafuta kazi. Kampuni ya Pullman iliwaajiri kwa maelfu kuwa wahudumu katika mabehewa ya kulala ya reli. Iliwalipa kidogo, ikawaacha wategemee sarafu za abiria. Na abiria waliwaita wote George, jina la mwenye kampuni, kana kwamba mtu mweusi hakuzaliwa na jina lake. Wazee wetu walioitwa "boi" hata walipokuwa na wajukuu wanaielewa vema fedheha hiyo. Wahudumu wale hawakudai sarafu kubwa zaidi. Mwaka 1925 waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na baada ya miaka kumi na miwili ya mapambano, mwaka 1937, walipata mkataba wa mishahara na saa za kazi. Ndiyo kusema kwamba waliozifahamu bakshishi kuliko watu wote ndio waliotambua kuwa bakshishi haitoshi.

Nchi nyingine hazifanyi hivyo. Katika Ufaransa gharama ya huduma imekwisha kutiwa ndani ya bei iliyoandikwa. Anayeacha sarafu chache hufanya hivyo kwa moyo wake, na asiyeacha hakumdhulumu mtu. Katika Japani, fedha iliyoachwa mezani yaweza kumfadhaisha mhudumu hata akakukimbilia njiani akidhani umeisahau. Shukrani huko ni kuinamisha kichwa na kusema neno gochisosama kabla ya kutoka. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Oktoba 2024, kuwakataza waajiri kujikatia sehemu ya bakshishi za wafanyakazi wao. Kwa nini sheria hiyo ilitakiwa, kama fedha zile zilikuwa zikimfikia aliyekusudiwa?

Basi ng'ambo si mahali pamoja, wala hapana adabu moja ya ng'ambo. Anayerudi kutoka mji mmoja wa Marekani na kuwacheka watu wa Namasakata kwa kutoacha noti mezani, amejua desturi moja akaiita ustaarabu wa dunia nzima. Mjapani naye angemcheka yeye.

Hata hivyo tunawaonya vijana wetu wasichukue maneno haya kuwa kisingizio cha ubahili. Ukiwa Marekani, toa asilimia ile bila kunung'unika, na uihesabu katika bei ya chakula kabla hujaagiza. Usiseme, "Napinga unyonyaji," kisha ukamwacha mhudumu bila kitu. Kwa kufanya hivyo hukumpiga mwajiri, umempiga mnyonge aliyekuletea sahani. Mwenye kutaka kupinga utaratibu mbaya apinge kwa kauli na kwa kura, si kwa jasho la mtu mwingine. Ukiwa Ufaransa, soma hati ya malipo. Ukiwa Japani, weka fedha yako mfukoni na utumie ulimi wako. Na popote uendapo, uliza wenyeji kabla ya kutenda. Mgeni mwenye adabu hujifunza ada za nyumba aliyofikia.

Tukirudi nyumbani, hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Wako wenye hoteli katika miji yetu ambao wameipenda bakshishi kwa sababu isiyo ya shukrani. Kijana anayeomba kazi huambiwa, "Mshahara ni mdogo, lakini wageni wanatoa vizuri." Maneno hayo ni matamu, na ndani yake mna sumu. Maana yake ni kwamba riziki ya mfanyakazi itategemea mvua ya wageni: msimu wakija wengi atakula, wasipokuja atalala njaa, na mwenye hoteli hatadaiwa. Hata wapagazi wanaopanda Mlima Kilimanjaro na mizigo ambayo kanuni za hifadhi zimeiwekea kikomo cha kilo 20, wengi wao huhesabu bakshishi ya mwisho wa safari kuwa sehemu kubwa ya kipato chao. Na ikiwa fedha hiyo imepita mikono mingi kabla ya kuwafikia, nani ajuaye ilikuwa kiasi gani ilipoanza safari?

Watu wa Ruvuma hawana sababu ya kudanganyika katika jambo hili. Wakati wa ukoloni maelfu ya vijana wa Songea na sehemu jirani walichukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Wanajua maana ya kufanya kazi nzito kwa ujira hafifu, huku ukiambiwa ushukuru kwa posho. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ule ukaenea hadi bara; hawakugoma ili wapewe fadhila, waligoma ili wapewe haki. Na Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, Katibu Mkuu wake alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mwana wa mkoa huu huu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka njia ya kupanga kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, hoteli zikiwamo. Kuirudisha riziki ya mhudumu katika kiganja cha mlaji ni kuyabomoa kwa siri yale yaliyojengwa kwa jasho hadharani.

Iko hatari ya pili, nayo ni kubwa zaidi. Shukrani iliyotangulia kazi si shukrani. Lifikirini neno hongo. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyopita bara ililipa hongo kwa watawala wa nchi zilizopitiwa; ilikuwa ada ya njia, iliyojulikana na kujadiliwa waziwazi. Leo neno hilo hilo ni jina la uovu. Takrima nayo ilikuwa neno zuri, lenye harufu ya ukarimu. Mwaka 2000 liliingizwa katika sheria yetu ya uchaguzi ili kuhalalisha vyakula na vinywaji vya wagombea. Na mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, kwa kuwa mwenye nacho alipata kumtangulia asiye nacho. Hata neno chai limekwisha kuchafuliwa. Je, tungoje hadi neno asante nalo lichafuke?

Kwa sababu hiyo tunaweka mpaka bila kuficha. Mhudumu wa hoteli, mpagazi, kinyozi na dereva, mtu akiwapa kitu baada ya kazi njema, si dhambi, ni tuzo. Lakini karani, askari, mwalimu, mwuguzi, na sisi sote tunaolipwa na umma, hatustahili bakshishi hata senti moja, kwa sababu mwananchi anayesimama mbele yetu hakuja kuomba hisani. Amekuja kuchukua kilicho chake. Ahadi za mwana-TANU zilimtaka asitoe wala asipokee rushwa, na agizo hilo halijachakaa. Mtumishi wa umma ashukuriwe kwa maneno, na maneno hayo yamtoshe.

Watauliza wengine: je, basi tusitoe kabisa hotelini? Hatukusema hivyo. Asiyeshukuru kidogo hashukuru kikubwa, na mkono wa birika haujawahi kupendeza. Ukihudumiwa vema, na Mungu amekujalia, toa. Toa mbele ya watu, kwa mkono wa kulia, pamoja na neno la heshima. Lakini kabla ya noti, toa vile visivyo na bei: msalimu aliyekuja kukuhudumia, muulize jina lake ulitumie, usimwite kwa kupiga kofi wala kwa mluzi, na umwambie mwenye hoteli kwamba mtu wake amefanya kazi nzuri. Na nawe mwenye hoteli, mlipe mfanyakazi wako mshahara unaomtosha siku ambayo hakuna mgeni hata mmoja aliyetoa kitu. Hapo ndipo bakshishi itakapokuwa bakshishi: nyongeza juu ya kopo lililokwisha kujaa.

Walimu, hili ni somo la uraia kama lilivyo somo la adabu. Waulizeni wanafunzi wenu swali hili moja: kama muuzaji wa mchele angetoa kopo nusu, kisha akasema konzi ya nyongeza italijaza, nani angenunua kwake? Jibu wanalo tayari, maana walilipata sokoni kabla hawajaingia darasani. Kilichobaki ni kuwaambia kwamba wanaweza kulichukua jibu hilo hadi Dar es Salaam, Paris na Chicago, wala wasione haya kulitamka.