Mjusi wa Jangwani Nyumbani
Katika majangwa ya Afrika ya Kaskazini na Arabuni yuko mjusi mwenye mkia wa miiba, ambaye Waarabu humwita dhabu. Hula majani, maua na mbegu, na maji huyapata hasa katika chakula hicho. Huko Ulaya na Marekani watu humfuga nyumbani. Lakini tusidhani kwamba majani yamtosha. Pasipo mahali pa kuota joto la digrii 50 hivi, chakula hakisagiki vema tumboni. Pasipo jua, au taa yenye miali kama yake, mifupa hulegea. Nuru ipitayo kiooni haisaidii. Naye aweza kuishi zaidi ya miaka 15. Basi twasema: asiyeweza kumtunza hivyo siku zote, asimtwae.